Sifa na Urithi wa Ramu ya Kijadi ya Jamaika: Historia ya Maarifa ya Kukeneka kwa Mtambo wa Chungu

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi sifa ya ramu ya Jamaika inayopikwa kwa mtambo wa chungu ilivyojengeka kuanzia karne ya 17 hadi mwaka 2024. Hoja yake kuu ni kwamba harufu na ladha nzito ya ramu hii haikutokana na udongo pekee, wala na ugunduzi wa wanakemia wa enzi ya ukoloni. Ilitokana na maarifa ya kazi yaliyokuzwa katika nyumba za kukenekea, ambamo kwa muda mrefu wafanyakazi walikuwa watu waliotumikishwa. Masoko ya nje, hususan ya Uingereza na Ujerumani, yaliichukua sifa hiyo na kuiongezea thamani mbali na mahali ilipozaliwa. Insha inaonyesha kwamba mgogoro wa sasa kuhusu mahali pa kukomazia ramu ni mwendelezo wa swali la zamani: sifa hii ni ya nani, na thamani yake ibaki wapi.

Istilahi muhimu: ramu, Jamaika, ukenekaji, danda, utumwa, urithi, utambulisho wa kijiografia

1.0 Utangulizi

Ramu ni kilevi kikali kinachopatikana kwa kuchachusha mazao ya muwa, hasa molasi, kisha kukeneka kimiminika kilichochacha, yaani kukichemsha mpaka kitoe mvuke na kuupoza mvuke huo urudi kuwa majimaji yenye alkoholi nyingi. Nchi nyingi zinazolima miwa hupika ramu. Hata hivyo, ramu ya Jamaika ya mtambo wa chungu imejipatia nafasi ya pekee kwa sababu ya uzito wa harufu yake. Anayeinusa kwa mara ya kwanza hukumbuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, nanasi, zeituni, au hata gundi na rangi ya mafuta. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliiita harufu hiyo "hogo", neno lililotokana na msemo wa Kifaransa wenye maana ya ladha kali ya kitu kilichoanza kuoza.

Maandishi mengi ya kibiashara huielezea sifa hiyo kama zawadi ya asili: maji yanayochujwa na miamba ya chokaa, joto la kitropiki na miwa mizuri. Maandishi ya kisayansi ya mwanzoni mwa karne ya 20 nayo huielezea kama kitu kilichopata maana baada ya kuingia maabara. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanamwacha nje mpishi wa ramu. Maji ya chokaa yapo katika visiwa vingi vya Karibi, Barbados ikiwemo, na ramu ya Barbados ina tabia tofauti kabisa. Kadhalika, harufu nzito ilikuwa imekwisha kutambuliwa sokoni kabla mwanakemia yeyote hajaipima.

Insha hii inaanzia hapo. Inajadili kwanza mazingira ya shamba la miwa ambamo ramu ilizaliwa, kisha inaeleza utaratibu unaoipa sifa yake. Baada ya hapo inafuatilia safari ya sifa hiyo katika soko la Ujerumani na katika maabara, kupungua kwa mitambo katika karne ya 20, na hatimaye madai ya urithi yanayoendelea leo.

2.0 Shamba la Miwa na Nyumba ya Kukenekea

Waingereza waliiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Katika miongo iliyofuata kilimo cha miwa kilienea, na katika karne ya 18 kisiwa hicho kikawa mzalishaji mkubwa wa sukari katika himaya ya Uingereza. Msingi wa uzalishaji huo ulikuwa utumwa wa watu waliosafirishwa kutoka Afrika. Sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Agosti 1834, Jamaika ilikuwa na watumwa zaidi ya 300,000. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa katika makoloni yake. Waliotumikishwa hawakulipwa chochote, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kufanya kazi chini ya mfumo wa uanagenzi hadi mwaka 1838.

Ramu ilianza kama njia ya kutumia kilichobaki. Juisi ya muwa ilipochemshwa ili kutengeneza sukari, povu lilienguliwa juu yake. Sukari ilipoganda, molasi ilichuruzika chini. Povu na molasi havikuwa na bei kubwa, na vingeachwa vingeharibika. Nyumba ya kukenekea ilivigeuza kuwa bidhaa iliyostahimili safari ndefu ya baharini na iliyozidi kuwa nzuri kadiri ilivyokaa pipani. Katika mashamba mengi mapato ya ramu yalisaidia kulipia gharama za mwaka, na sukari ikabaki kuwa faida. Hii ndiyo sababu nyumba ya kukenekea ilisimama karibu na kinu na nyumba ya kuchemshia katika kila shamba kubwa. Appleton katika bonde la Nassau huhesabu historia yake ya ramu tangu mwaka 1749, na Hampden katika wilaya ya Trelawny tangu mwaka 1753. Kumbukumbu za ramu ya Worthy Park, shamba lililoanzishwa mwaka 1670, zinafika mwaka 1741.

Ni nani waliofanya kazi katika nyumba hizo? Orodha za mali za mashamba zinatoa jibu. Katika orodha hizo watu waliorodheshwa kwa majina, umri, hali ya afya, kazi na thamani kwa pauni. Miongoni mwa mafundi waliothaminiwa zaidi, pamoja na maseremala, watengeneza mapipa na wachemsha sukari, wapo wapishi wa ramu. Uchunguzi wa Michael Craton kuhusu watu wa Worthy Park, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha jinsi orodha za namna hiyo zinavyoweza kumrudishia mtu binafsi sehemu ya maisha yake, japo ziliandikwa kwa ajili ya hesabu ya mmiliki na si kwa ajili ya kumbukumbu ya aliyeorodheshwa.

Tofauti kati ya orodha hizo na vitabu vya wakati huo ni kubwa. Bryan Edwards, mmiliki wa mashamba aliyechapisha historia yake ya makoloni ya Karibi mwaka 1793, anaeleza kwa undani viungo vya ramu ya Jamaika na vipimo vyake. Anajua kiasi cha povu, cha molasi, cha maji na cha majimaji yaliyobaki chunguni katika mpiko uliotangulia. Mtu aliyevichanganya viungo hivyo, aliyekaa usiku kucha akisikiliza jinsi pipa linavyochemka na kuamua kwa pua yake kama limefikia kiwango, hana jina katika maelezo hayo. Msomaji anabaki akidhani kwamba maarifa yalikuwa ya mwenye kalamu.

Hoja hapa si kwamba ukenekaji wa ramu ulitoka Afrika. Chungu cha shaba na utaratibu wa kukipashia moto vilitoka Ulaya. Hata hivyo, wengi wa waliotumikishwa walitoka katika jamii za Afrika Magharibi na Afrika ya Kati zilizojua vyema kuchachusha utomvu wa michikichi na nafaka. Kuchacha kwa kinywaji hakukuwa jambo geni kwao. Zaidi ya hayo, mmiliki alikuwa mara nyingi Uingereza, na msimamizi wake alibadilika kila baada ya miaka michache. Aliyebaki penye pipa msimu baada ya msimu alikuwa mpishi. Maarifa ambayo hayakuandikwa yaliweza kudumu kwa karne mbili kwa njia moja tu: kwa kufundishana kazini.

3.0 Utaratibu Unaojenga Sifa

Ili kuelewa ukubwa wa maarifa hayo, ni lazima kuutazama utaratibu wenyewe. Sifa ya ramu ya Jamaika inajengwa na mambo manne yanayotegemeana: danda, shimo, uchachushaji wa polepole na chungu.

3.1 Danda na shimo

Danda ni majimaji yanayobaki chunguni baada ya alkoholi kuondolewa kwa mvuke. Neno hilo huhusishwa na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kufurika. Katika sehemu nyingi za dunia mabaki hayo humwagwa. Wapishi wa Jamaika waliyahifadhi na kuyarudisha katika mchanganyiko unaofuata, wakiyatumia badala ya sehemu kubwa ya maji. Kwa kuwa danda ina asidi nyingi, kila mpiko ulirithi kitu kutoka mpiko uliotangulia, na pipa la leo likawa na ukoo na mapipa ya miaka iliyopita.

Katika mashamba yaliyopika ramu nzito zaidi, sehemu ya danda iliwekwa katika shimo pamoja na machicha ya molasi na mabaki ya miwa, ikaachwa ioze. Shimo hilo lilikuwa makazi ya bakteria waliozalisha asidi mbalimbali, ikiwemo asidi ya butiriki, ambayo peke yake hunuka kama siagi iliyochina. Wageni wengi waliotembelea mashamba hayo walirudi na masimulizi ya mizoga ya popo na mbuzi iliyotupwa shimoni. Masimulizi hayo yanaendelea kuvutia wasomaji, lakini yana kasoro: yanaligeuza shimo kuwa jambo la kushangaza na kulificha kama chombo cha kazi. Shimo lilitunzwa. Liliongezwa chakula, likapunguzwa, na uchungu wa asidi yake ukadhibitiwa, kwa sababu shimo lililokufa liliharibu ramu ya msimu mzima.

3.2 Uchachushaji na hamira iitwayo pombe

Katika viwanda vya ramu nyepesi uchachushaji huchukua siku moja au mbili, kwa hamira iliyochaguliwa na kukuzwa kwa makusudi. Katika nyumba za kijadi za Jamaika huchukua wiki moja, mbili au hata zaidi, kwa hamira inayoishi katika mapipa ya mbao, kuta na hewa ya nyumba yenyewe. Mchanganyiko wenye danda na asidi ya muwa ni mkali kiasi kwamba hamira za kawaida hudhoofika. Inayostahimili zaidi ni ile inayozaliana kwa kugawanyika katikati badala ya kuchipua.

Hapa historia ya Jamaika inagusana na lugha ya Kiswahili kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alieleza kwa mara ya kwanza hamira ya aina hiyo, iliyopatikana katika bia ya mtama kutoka Afrika Mashariki. Aliipa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe, akitumia neno la Kiswahili kwa kinywaji alikoikuta. Katika miaka hiyohiyo, Percival H. Greg, mwanakemia aliyefanya kazi Jamaika, alipeleka sampuli za ramu inayochacha katika maabara ya Alfred Jørgensen mjini Copenhagen, na humo ikatambuliwa hamira inayogawanyika. Hamira hiyo ilipewa jina lake yenyewe, lakini baadaye wataalamu wa uainishaji waliiingiza katika spishi ya pombe. Hamira ya spishi hiyo ndiyo iliyotumiwa baadaye na Paul Nurse katika utafiti wa mgawanyiko wa seli uliomwezesha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Ukweli huu usitumiwe kudai kwamba hamira ilivuka bahari pamoja na watumwa. Viumbe vya aina hii huishi katika mazingira mengi yenye joto na sukari. Umuhimu wake kwa insha hii ni mwingine. Unaonyesha kwamba kile ambacho sayansi ya Ulaya ilikipa jina katika miaka ya 1890 kilikuwa kikitunzwa tayari, bila darubini, na wapishi wa vinywaji wa Afrika Mashariki na wa Jamaika kwa wakati mmoja.

3.3 Chungu na vyombo vyake viwili

Asidi zilizotoka shimoni na mapipani hukutana na alkoholi na kuunda esta, kemikali zenye harufu ya matunda. Asidi ya butiriki yenye kunuka vibaya, ikiungana na alkoholi, hutoa esta inayonukia kama nanasi. Kwa maneno mengine, kilichooza kinageuka kuwa manukato. Lakini esta zingepotea kama mtambo ungesafisha kilevi kupita kiasi.

Kuanzia karne ya 19 mashamba ya Jamaika yalitumia chungu cha shaba kilichounganishwa na vyombo viwili vya kati. Mvuke unaotoka chunguni hupita ndani ya chombo cha kwanza chenye kilevi hafifu kilichobaki katika mpiko uliopita, kisha ndani ya chombo cha pili chenye kilevi kikali zaidi, ndipo unapofika kwenye bomba la kupozea. Kila chombo huupa mvuke nguvu bila kuunyang'anya harufu. Matokeo ni ramu yenye alkoholi ya takriban asilimia 80 hadi 86 kwa mpiko mmoja. Mtambo wa mnara, ulioenea katika makoloni mengine ndani ya karne hiyo, unaweza kufikisha asilimia 95 na zaidi, lakini unachotoa huwa chepesi na chenye harufu kidogo.

Katika hatua hii pia uamuzi wa mwisho ni wa mtu. Kinachotoka kwanza ni kikali mno na hutengwa. Kinachofuata ndicho ramu. Kinachotoka mwisho hurudishwa katika vyombo vya kati kusubiri mpiko unaofuata. Mpishi ndiye anayejua wakati wa kukata. Akichelewa au akiwahi, ramu inakuwa ya aina nyingine.

4.0 Ujerumani, Maabara na Alama za Mapipa

Ukombozi wa watumwa, pamoja na sheria ya Uingereza ya mwaka 1846 iliyoanza kuondoa upendeleo wa ushuru kwa sukari ya makoloni, ulivuruga uchumi wa mashamba. Sukari ya kiazi sukari kutoka bara la Ulaya, iliyosaidiwa na ruzuku za serikali, iliushusha zaidi. Mashamba mengi yalifungwa au kuunganishwa. Katika hali hiyo ramu, iliyokuwa ikihesabiwa kama zao la pembeni, ikawa nguzo ya mashamba yaliyosalia.

Soko lililobadilisha mwelekeo wake lilikuwa la Ujerumani. Mji wa Flensburg, uliokuwa chini ya Denmaki hadi mwaka 1864, ulikuwa umejenga biashara yake ya ramu kwa kutegemea visiwa vya Denmaki katika Karibi. Baada ya kuingia upande wa Ujerumani, wafanyabiashara wake waligeukia Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Ujerumani ilipandisha ushuru wa vilevi vinavyoingia nchini. Ushuru ulitozwa kwa wingi wa kilevi, si kwa wingi wa harufu yake. Hesabu ya mfanyabiashara ikawa rahisi: aagize ramu kidogo yenye harufu nyingi iwezekanavyo, kisha aichanganye na spiriti tupu iliyopikwa nyumbani. Mchanganyiko huo ulijulikana kwa jina la Rumverschnitt, na kanuni za Ujerumani hatimaye ziliutaka uwe na angalau asilimia 5 ya alkoholi inayotokana na ramu halisi.

Wapishi wa Jamaika, hasa wa Trelawny na wilaya za jirani, waliitikia mahitaji hayo kwa kuongeza nguvu ya shimo na muda wa kuchachusha. Ramu iliyotokana na juhudi hizo iliitwa ya bara, kwa maana ya bara la Ulaya. Haikukusudiwa kunywewa peke yake, kwani ilikuwa kali mno, ilikuwa kiungo. Kwa hiyo sifa ya juu kabisa ya ramu ya Jamaika ilifikiwa kwa ajili ya wanywaji ambao wengi wao hawakuwahi kuonja ramu ya Jamaika ikiwa peke yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya koloni iliunda kituo cha majaribio ya sukari. H. H. Cousins, mwanakemia wa serikali, pamoja na Charles Allan na S. F. Ashby walichunguza uchachushaji, wakapima esta na kueleza kazi ya bakteria na hamira inayogawanyika. Kazi yao ina thamani kubwa. Bila hiyo sehemu kubwa ya utaratibu wa kijadi isingeandikwa. Lakini ni muhimu kuitaja kwa jina lake sahihi. Walichofanya kwa sehemu kubwa kilikuwa kueleza kwa lugha ya kemia mambo ambayo wapishi walikuwa wakiyafanya. Ripoti zina majina ya wanakemia na ya mashamba. Wapishi waliofungua milango ya nyumba zao na kueleza tabia ya mashimo yao wanaonekana humo kama sehemu ya mtambo.

Vipimo vya esta viliimarisha mpangilio wa madaraja unaotumika hadi leo. Kwa kipimo cha gramu kwa kila hektolita ya alkoholi safi, daraja la chini lina esta 80 hadi 150. Plummer lina 150 hadi 200. Wedderburn huanzia 200. Na ramu za bara zina 700 hadi kikomo cha 1,600. Ndani ya madaraja hayo kila shamba lina alama zake zinazoandikwa kwenye mapipa. Hampden, kwa mfano, ina LROK yenye esta 200 hadi 400, HLCF yenye 500 hadi 600, na DOK yenye 1,500 hadi 1,600. Wedderburn ni jina la ukoo wa Waskoti uliojulikana miongoni mwa wamiliki wa mashamba kisiwani humo. Herufi za DOK nazo huelezwa kuwa zinatokana na jina la mmiliki wa Hampden, D. O. Kelly-Lawson. Ramani nzima ya ladha za Jamaika imeandikwa kwa majina ya wamiliki.

5.0 Kupungua kwa Mitambo na Uhai wa Desturi

Mwishoni mwa karne ya 19 Jamaika ilikuwa na mitambo ya ramu zaidi ya mia moja. Leo inayofanya kazi ni sita tu: Appleton, New Yarmouth, Clarendon, Hampden, Long Pond na Worthy Park. Sababu ni nyingi: viwanda vikubwa vya sukari kumeza vidogo, vita viwili vya dunia vilivyoifunga Ujerumani kama soko, na mabadiliko ya ladha ya wanywaji kuelekea vilevi vyepesi. Chama cha wazalishaji, Spirits Pool, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiligawa viwango vya uzalishaji na kuzuia bei isianguke, lakini hakikuweza kuzuia kufungwa kwa mitambo.

Nyumbani kwenyewe ramu iliendelea kuishi kwa namna nyingine. Ramu nyeupe kali hunyunyizwa chini kabla ya kuchimba msingi wa nyumba. Hunywewa na kumwagwa kwa ajili ya marehemu katika mkesha wa siku ya tisa, na hutumiwa katika ibada za Kumina. Hutumika pia kukanda viungo na kupaka mgonjwa wa homa. Matumizi haya hayakuingia katika takwimu za usafirishaji wala ripoti za esta, lakini ndiyo yaliyoifanya ramu kuwa mali ya utamaduni na si bidhaa tu. Mtafiti anayetafuta urithi wa ramu katika kumbukumbu za bandari pekee ataikosa nusu ya habari.

Kuanzia miaka ya 2000 mwelekeo ulibadilika. Worthy Park, iliyokuwa imeacha kupika kwa miongo kadhaa, ilianza tena mwaka 2005 kwa mtambo wa chungu. Hampden iliuzwa na serikali kwa mmiliki binafsi mwaka 2009, ikaanza kukomaza ramu yake yenyewe kisiwani, na mwaka 2018 ikaitoa sokoni kwa jina lake. Ramu iliyokuwa kiungo cha wengine sasa inanywewa ikiwa peke yake na kuuzwa kwa bei ya juu.

6.0 Jina, Mahali na Thamani

Swali la jina halikuanza jana. Tume ya Kifalme ya Uingereza iliyochunguza wiski na vilevi vingine mwaka 1908 na 1909 ilisisitiza kwamba ramu ni kilevi kinachokenekwa moja kwa moja kutokana na mazao ya muwa katika nchi zinazolima miwa. Msimamo huo uliisaidia Jamaika dhidi ya waigaji, lakini haukusema lolote kuhusu mahali pa kukomazia. Kwa desturi, mapipa mengi yalisafirishwa yakiwa machanga na kukomaa katika maghala ya Ulaya, kama yale ya gati ya West India mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1802. Aliyekomaza na kuchanganya ndiye aliyetia jina lake kwenye chupa.

Mwaka 2016 ramu ya Jamaika ilisajiliwa nchini humo kama utambulisho wa kijiografia. Mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ya Jamaika ilikubali marekebisho yanayotaka ramu inayoitwa ya Jamaika iwe imekomazwa kisiwani. Wazalishaji walioyaunga mkono wanasema kwamba thamani kubwa ya ramu huzaliwa pipani, na kwamba kuikomaza ng'ambo ni kuendelea kusafirisha malighafi. National Rums of Jamaica, kampuni inayomiliki Long Pond na Clarendon na yenye wabia wa kigeni, iliyapinga, ikidai miongoni mwa mengine kwamba kukomaza nje ni sehemu ya mapokeo ya zamani.

Kihistoria dai hilo la mwisho ni la kweli. Ramu ilikomazwa nje kwa karne nyingi. Lakini mwanahistoria ana wajibu wa kuuliza desturi hiyo ilitoka wapi. Haikuchaguliwa na wapishi. Ilipangwa na mfumo wa kikoloni uliotaka makoloni yatoe mazao ghafi na miji ya Ulaya ivune faida. Ukale wa jambo hautoshi kulifanya urithi unaostahili kulindwa. Kwa upande mwingine, kurudisha mapipa nyumbani hakutoshi kuurudisha urithi wote. Katika mwaka huohuo wa 2024, kampuni ya Kifaransa yenye hisa katika National Rums iliacha kutumia jina la Plantation kwenye ramu zake na kuanza kutumia Planteray, kwa kutambua uhusiano wa neno la awali na utumwa. Jina limebadilika kwenye chupa. Katika mapokeo ya mashamba yenyewe, majina ya wapishi bado hayajaandikwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba sifa ya ramu ya kijadi ya Jamaika ni zao la historia. Danda iliunganisha mpiko na mpiko, shimo lilihitaji mtunzaji wa kudumu, hamira ilistahimili asidi iliyosimamiwa kwa pua na ulimi, na chungu kilimtegemea mtu aliyejua wakati wa kukata. Maarifa hayo yalikuzwa chini ya utumwa, yakasukumwa na ushuru wa Ujerumani, yakapimwa na wanakemia na kupewa majina ya wamiliki.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, ulinzi wa utambulisho wa kijiografia unapaswa kulinda utaratibu pamoja na mahali, kwa sababu ramu iliyokomazwa Jamaika bila danda na chungu itakuwa na anwani ya Jamaika bila kuwa na tabia yake. Pili, orodha za mali za mashamba, ambazo hadi sasa zimetumiwa zaidi katika historia ya idadi ya watu, zisomwe upya kama kumbukumbu za ufundi. Humo, kando ya neno mpishi, kuna jina la mtu, umri wake na bei aliyowekewa. Kama ramu hii ni urithi, urithi huo unaanzia kwa watu hao, na historia yake haitakamilika mpaka majina yao yasomwe pamoja na alama zilizoandikwa kwenye mapipa.